Nukta Kwenye Kona

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe nne ilinifikia tarehe kumi na moja, bahasha imeloa pembe moja lakini maandishi mazima. Nimefurahi kusikia kwamba mgongo umetulia, na kwamba shemeji hatimaye amekubali kuvaa miwani, ingawa unasema anaivaa kama mtu aliyetiwa pingu. Wabusu wanangu wote wawili. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi za mahakama, lakini mahakama ina ngazi na mimi nina kazi, basi tunakwenda hivyo hivyo. Gazetini bado wananiita Saa Ngapi, kwa kuwa kila habari ikiletwa mezani kwangu swali langu la kwanza ni hilo. Vijana wa siku hizi wanadhani ni mzaha walioutunga wao. Sijawaambia kwamba jina hilo lina umri kuwashinda.

Mwishoni mwa barua yako uliandika mstari mmoja na kuupigia mstari chini: habari za mzee nisikupe, nikupe habari za filamu. Nimekuelewa. Miaka kumi na moja sasa tumekuwa tukifanya hivi, kila mwezi wewe unachagua mbili, mimi moja, kila mtu anatazama kwake, kisha tunaandikiana maoni na alama juu ya kumi. Ni desturi iliyotufaa. Watu wengine hukosa la kuambiana na ndugu zao. Sisi tulikuwa na mengi ya kuambiana, tukaamua kuzungumza ya watu wa kwenye filamu.

Nitatii kwa kadiri inavyowezekana. Ila lazima nikuambie mapema kwamba filamu zote tatu za mwezi huu nimezitazama chumbani kwake. Daktari amesema kilichobaki ni wiki, si miezi, na kila siku nikitoka kazini saa nane ninakwenda moja kwa moja kukaa naye. Ukitaka nimtoe mzee kwenye barua hii, itabidi nitoe na filamu.

Najua msimamo wako, wala sijawahi kukubishia. Mama alipokuwa mahututi alimwita Baba, yeye akapata habari, akaamua kumaliza kuonyesha picha kwanza. Ulikuwa na miaka kumi na tano, wewe ndiye uliyekuwa umemshika Mama mkono. Umeshikilia hilo miaka thelathini na nne, na ishirini na tisa kati ya hiyo hujakanyaga nyumba hii. Weka hilo pembeni kidogo, nikupe maoni yangu.

Ya kwanza ni ile uliyoisifu sana, ya mwanamke dereva wa lori anayesafirisha jeneza la mume wake. Uliipa tisa. Mimi nimeipa tano, na moja kati ya hizo ni ya lori. Ina urefu wa saa mbili na dakika arobaini. Kila mtu anapohuzunika mvua inanyesha. Nimeandika habari za mazishi mengi, dada, na mengi yalifanyika juani, waombolezaji wakihamia upande wenye kivuli na kukanyagana miguu. Pia yule mwanamke anaendesha siku mbili bila kuongeza mafuta. Wewe utasema nakosa roho ya filamu. Labda. Lakini niliipenda pale anaposimama kituoni kununua maji, akanunua chupa mbili kwa mazoea, kisha akabaki anaiangalia ile ya pili. Hapo hawakuweka mvua wala muziki. Laiti wangeifanya yote hivyo.

Baba alisema picha ile ilikuwa ya mikanda minane na hadithi ya mikanda mitano. Bado anapima hivyo. Ukimwuliza filamu ina muda gani, hakutajii saa, anakutajia ingeingia kwenye mabati mangapi ya kuwekea mikanda. Anatazama sauti ikiwa imezimwa. Mwanzoni nilidhani masikio ndiyo yamekwisha kabisa, maana yaliharibiwa na zile mashine mbili za kuonyeshea picha pale sinema tangu zamani. Kumbe ni mazoea. Miaka ishirini na sita alitazama picha kupitia kile kitundu cha ukutani, mashine zikinguruma pembeni yake, hasikii neno. Anasema sauti inamchanganya. Watu wakisema sana hawezi kuona wanachofanya.

Ya pili, ile ya mashemeji wawili waliorithishwa duka moja wakaligawa katikati kwa ukuta wa mbao, nimeipa nane. Ulisema ni ya kijinga. Ni ya kijinga, ndiyo, lakini ni ya kijinga kwa ustadi. Pale mmoja anapouza ngazi na mwenzake anaiazima kupitia dirishani ili apande kuchungulia bei zake, Baba alicheka hadi akapaliwa. Muuguzi akaja mbio kutoka jikoni, akanigombeza mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeandika ile filamu. Akasema mgonjwa wa mapafu hachekeshwi hovyo. Baba alipopata pumzi akamwambia muuguzi kwamba kama ni kufa kwa kicheko, yeye yuko tayari kutia saini popote. Muuguzi ni mwanamke wa maneno makavu. Alimjibu kwamba hana fomu ya kifo cha namna hiyo, na kama anataka kufa, afe kwa namna iliyoandikwa.

Jioni ile Baba alikuwa na furaha, akaanza kukumbuka kelele za watazamaji wa zamani. Unakumbuka? Mkanda ukikatika ukumbi ukawa giza, watu walikuwa wanapiga mluzi na kugonga viti, halafu wale wa mbele wanaanza: Fundi, amka! Fundi, mkeo anakuita! Na ukumbi mzima unaangua kicheko. Baba alikuwa akirudi nyumbani anamsimulia Mama, na Mama anamjibu kwamba angekuwa anamwita kweli wala asingesikia. Ulikuwa utani wa nyumbani kwetu. Aliusimulia tena juzi, akafika katikati akaomba maji.

Sasa ya tatu, niliyoichagua mimi. Sikukutajia jina mwezi uliopita, nilikuambia tu nitakushangaza. Ni ile picha ya zamani ya farasi mweupe. Mwanamke mwenye kofia nyekundu anamfundisha farasi kuruka kwenye pete ya moto, mafuriko yanakuja, farasi anapotea, mwanamke anamtafuta. Najua ukisoma mstari huu utaweka barua chini. Ichukue tena, nakuomba. Ndiyo iliyokuwa inaonyeshwa siku ile.

Mwenzangu mmoja wa kazini, fundi wa picha, ndiye aliyeipata. Ilinakiliwa kutoka kwenye mkanda wa zamani wenye mikwaruzo yake yote, hata zile nukta za kubadilishia zimebaki. Baba ndiye aliyeiomba. Alisema aliionyesha mara arobaini na tatu na hajawahi kukaa chini akaiona.

Tuliitazama Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri. Nilikuwa na daftari na saa ya mkononi. Baba alikuwa amelala akiegemea mito mitatu, sauti imezimwa. Mkanda wa kwanza ulipokaribia mwisho, ile nukta ndogo nyeupe ikatokea kwenye kona ya juu upande wa kulia, akainua kidole. Ikatokea ya pili, akakishusha, kama mtu anayesukuma wenzo usioonekana. Unakumbuka alivyotufundisha? Nukta ya kwanza unawasha mashine ya pili, nukta ya pili unabadilisha. Watazamaji mia tatu hawaioni. Sisi watoto wake wawili hatukuweza kutazama picha bila kuiona. Utakumbuka na sheria yake: taa nyekundu juu ya mlango wa chumba cha mashine ikiwaka, usibishe. Subiri nukta ipite, mashine zibadilike, taa izimwe, ndipo ubishe. Alikuwa akisema hata nyumba ikiungua, msubiri nukta. Alikuwa anatania. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaichukua kama amri.

Maoni yangu juu ya picha yenyewe ni haya. Farasi si mmoja, ni watatu. Mmoja ana soksi nyeusi mguu wa nyuma, na anaonekana kabla ya mafuriko na baada yake lakini si wakati wa mafuriko. Mwanamke yule anatabasamu hata maji yakimfika kifuani. Mwisho wake hauna maana. Nimeipa tatu.

Haikuwa picha nzuri, dada. Nilitaka kwanza ujue hilo, kwa sababu kwa miaka thelathini na nne nimekuwa nikijiambia kwamba ilikuwa nzuri sana, kwamba hakuna mtoto ambaye angeweza kuondoka.

Nitaandika yanayofuata kama ninavyoandika habari yoyote. Wewe uliandika ile karatasi kwa maneno ya Mama, ukaikunja mara nne, ukaibana kwa pini ya nywele zako ili nisiisome njiani. Shangazi akanipa saa tisa kasoro robo, akaniambia nikimbie, nimpe Baba mkononi. Nilikimbia. Nilifika saa tisa kasoro dakika tatu. Mkata tiketi alinifungulia bila kuniuliza, kama kawaida. Nilipanda ngazi, nikainua mkono nibishe, taa nyekundu ikawaka.

Basi nikaenda kusubiri nukta ukumbini, mahali pangu, safu ya tatu kutoka nyuma. Nilikusudia kusubiri ile ya kwanza tu. Ilipita saa tisa na dakika kumi na nane. Niliiona. Wakati huo huo farasi alikuwa amesimama mbele ya pete, bado hawajaiwasha moto. Nikasema, nitangoja inayofuata.

Mkanda wa pili ulikatika katikati. Giza. Watu wakapiga mluzi, wa mbele wakaanza wimbo wao: Fundi, mkeo anakuita. Ukumbi ukacheka. Na mimi nilicheka, dada. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa gauni langu la shule, na nilicheka pamoja nao. Nimeandika habari za kesi za mauaji, nimesoma ripoti za madaktari ambazo wenzangu walikataa kuzishika, na hakuna kitu ninachokisikia mara nyingi kuliko kicheko changu mwenyewe cha dakika ile.

Nukta ya mkanda wa pili ilipita saa tisa na dakika thelathini na tisa. Ya tatu, saa tisa na dakika hamsini na saba. Ya nne, saa kumi na robo. Nimehesabu Jumapili kwa urefu wa kila mkanda, nikaongeza dakika tatu za kukatika. Wewe uliandika saa ya kifo cha Mama nyuma ya kalenda: saa kumi na dakika ishirini. Kutoka pale ukumbini hadi nyumbani, mtu mzima akitembea haraka, ni dakika kumi na mbili. Nimeitembea njia hiyo mara nyingi nikiwa na saa mkononi. Kwa hiyo nukta nne zilipita Mama akiwa hai. Yoyote kati ya tatu za kwanza ingemfikisha Baba. Ningetoka kwa ile ya kwanza, angekaa naye karibu saa nzima.

Sikubisha. Picha ilipokwisha watu wakatoka, na mimi nikatoka nao kama mtazamaji. Mlangoni Shangazi alikuwa anakuja analia.

Baba hakupata habari yoyote. Siku ya tatu baada ya mazishi Shangazi alisimama sebuleni mbele ya watu wote, akamwuliza kama mtoto aliyetumwa alimfikia. Wewe ulikuwa umesimama karibu na dirisha. Baba aliniangalia. Sijui nilikuwa na uso wa namna gani, lakini aliyajua yote pale pale. Akajibu kwamba mtoto alifika mapema, alikabidhi karatasi, na yeye aliona amalize picha kwanza. Ukamtazama kama mtu asiyemfahamu. Tangu siku ile hukumwita Baba tena.

Hatukuzungumza jambo hilo, yeye na mimi, hata mara moja, mpaka Jumapili iliyopita. Picha ilipofika pale farasi anapotea nilisema bila kufikiri kwamba sasa atamwona kwenye paa la ghala. Na kweli akaonekana kwenye paa la ghala. Baba hakugeuka. Akasema kwamba siku ile aliniona. Kupitia kitundu alikuwa akituona wote kutoka nyuma, na vichwa vya watoto wake alikuwa akivitambua hata gizani. Alidhani nimetoroka kuja kutazama. Akafurahi. Akasema mkanda ulipokatika aliunga haraka kuliko siku zote, vidole vikiungua, ili nisikose pale pa moto.

Niliweka daftari chini. Nilimwuliza kama angepata karatasi angefanya nini. Akasema angezima. Nikamwuliza, na watu je? Akasema wangepiga mluzi.

Nikamwuliza kwa nini alijitwisha kosa langu. Akasema sheria ya taa aliiweka mwenyewe, na mzaha wa nyumba kuungua ulikuwa wake. Halafu akasema kwamba baba anaweza kuchukiwa na bado akala akalala, lakini sisi tulikuwa wawili tu, na mmoja akimchukia mwenzake tungebaki mmoja mmoja. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuomba maji.

Siku ile nilikuwa na miaka tisa, na hilo linaeleza siku ile tu. Nilipofika miaka kumi na minne, wewe ukapanga nguo zako kwenye sanduku, na mimi nikakusaidia kulifunga. Ningeweza kusema. Nilipofika ishirini ningeweza kusema. Barua zetu za miaka kumi na moja nimezihifadhi zote, na katika kila moja nimetoa hukumu juu ya watu wasiokuwepo: huyu ni mwoga, yule angesema ukweli mapema, hadithi hii ingekwisha dakika ya kumi kama mtu mmoja angefungua mdomo. Ulikuwa ukiniandikia kwamba nina jicho kali. Nilikuwa nalo, kwa wengine.

Baba hakunituma nikuandikie. Nilipomwambia nitaandika, alisema niache, kwamba umeshazoea kumchukia na mtu mzima habadilishiwi mazoea. Nimekataa. Usinisamehe kwa ajili ya barua hii. Sikuiandika kwa ajili hiyo, na sijui kama mimi mwenyewe ningesamehe. Lakini kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Limebaki jambo moja. Ile karatasi ninayo. Siku ile niliificha ndani ya godoro, kisha ndani ya kamusi, kisha kwenye droo ya mezani kwangu gazetini, inayofungwa kwa ufunguo. Sijaifungua hata siku moja. Pini yako bado iko pale pale ulipoibana. Jumapili jioni niliileta, nikamwekea Baba mkononi, kama nilivyotumwa. Aliigeuza geuza. Nilijitolea kuichomoa pini nimsomee. Akakataa. Alisema aliyeifunga ndiye atakayeifungua, na kama hakuja, basi yeye azikwe nayo ilivyo. Sasa iko chini ya mto wa juu kati ya ile mitatu. Muuguzi akibadilisha mashuka, Baba anaishika mkononi mpaka amalize.

Maneno ya Mama unayajua wewe peke yako, kwa kuwa ndiwe uliyeyaandika. Mimi sikuulizi. Yeye ndiye anayeyasubiri.

Msalimie sana shemeji, na umwambie aivae ile miwani hata anapoendesha. Wanangu waambie nawakumbuka. Daktari anakuja tena Alhamisi, na nitakupigia simu kukueleza alichosema, hata kama hutapokea. Mimi niko nyumbani kila siku kuanzia saa nane na nusu, na mlango wa mbele haufungwi kabla ya giza. Ukija, njoo na koleo ndogo. Pini imeshika kutu, na sitaki karatasi ichanike.

Ni mimi mdogo wako,
Saa Ngapi